Ngome za Nyeri: Jana kambi ya mateso, leo shule yako

Ukisikia neno ngome, akili yako inakimbilia wapi? Bila shaka kwa zile filamu za wafalme: jumba la mawe juu ya kilima, handaki kulizunguka, daraja linaloinuliwa kwa minyororo na mlinzi juu ya mnara. Halafu unajiambia, hayo ni mambo ya Ulaya, sisi huku Nyeri tuna majani chai, kahawa na baridi tu. Ngoja kidogo. Huku kwetu ngome zilikuwepo, na zilikuwa na handaki, daraja na mnara vilevile. Tena hazikujengwa miaka elfu moja iliyopita. Huenda shosho yako ni mmoja wa waliozichimbia handaki.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo za Ulaya. Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, walikuwa watu wachache katikati ya umati usiowapenda. Wakafanya nini? Walirundika udongo hadi ukawa kilima, wakasimamisha mnara wa mbao juu yake, wakachimba handaki na kuzungushia ua. Waliosukumwa kufanya kazi hiyo ni wenyeji walewale walioshindwa vita. Hata Windsor, makao ya familia ya kifalme hadi leo, ilianza hivyo. Kwa hivyo usidanganywe na filamu. Ngome ilikuwa chombo cha wachache kutawala wengi. Iliwekwa juu ili mtawala aone kila mtu, na kila mtu ajue anaonekana.

Sasa rudi Mlima Kenya. Mwaka wa 1900, Mwingereza Francis Hall alifungua kituo cha serikali mahali palipoitwa Mbiri. Alifariki mwaka uliofuata, na kituo kikapewa jina lake: Fort Hall, yaani ngome ya Hall. Leo unapaita Murang'a. Mwishoni mwa 1902, afisa wa kijeshi Richard Meinertzhagen naye alipiga kambi karibu na Kilima cha Nyeri, wakati wa vita vya kuwashinda watu wa Tetu. Kambi hiyo ndiyo iliyozaa mji huu ambao leo unashukia matatu na kulalamika kuhusu msongamano.

Lakini ngome hasa zilikuja miaka 50 baadaye. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kulikabili vuguvugu la Mau Mau, ambalo wapiganaji wake walipigana kutoka misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kuanzia 1954, serikali ilianza kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka mashambani mwao. Zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walisukumwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba walizoacha ziliteketezwa. Kijiji kilizungushiwa seng'enge na handaki lenye miti iliyochongwa ncha kali, na saa za kutoka na kuingia zikawekwa. Ukichelewa, shauri yako.

Mahali pazuri pa kuona kijiji chote, mara nyingi penye mwinuko, palijengwa kituo cha walinzi waliojulikana kama ngati. Kilikuwa na handaki lake, mnara wa kuchungulia na daraja la kuinua usiku. Hebu linganisha na ile ngome ya Wanormani. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na bunduki. Na wachimbaji walikuwa walewale: wanakijiji, wengi wao wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni.

Waliokuwa kizuizini walipitishwa kambi baada ya kambi, kama Manyani na Mackinnon Road, kisha waliodhaniwa "wamelainika" wakasogezwa kwenye kambi za kazi karibu na kwao. Mbili kati ya hizo zilikuwa Nyeri: Mweru, kule Mukurwe-ini, na Aguthi, upande wa Tetu.

Je, ziko wapi leo? Hapa ndipo hadithi inapokugusa wewe. Kambi ya Mweru sasa ni Shule ya Upili ya Mweru. Kambi ya Aguthi sasa ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri. Baadhi ya seli za wakati huo bado zimesimama ndani ya ua wa shule. Yaani kuna kijana anayepita na daftari la hesabu mkononi kando ya chumba ambamo, si ajabu, guka yake alipigwa ili akane kiapo.

Kuna watu wanaosema tubomoe, tusonge mbele. Wengine wanataka kila tofali liwekewe kioo. Mimi naona shule ilitenda jambo ambalo sanamu haiwezi: ilichukua mahali pa kuwavunja watu na kupafanya pa kuwajenga. Isitoshe, jengo linalotumika hupata paa jipya, lakini lililoachwa huliwa na mchwa. Shida ni moja tu. Matumizi yanaweza kulifunika jina. Seli ikigeuzwa stoo ya majembe kwa miaka mingi, mwishowe inakuwa stoo tu. Vile vituo vya ngati vimeshapotea hivyo. Udongo umerudishwa, viazi vimepandwa, na handaki limebaki bonde dogo ambalo ng'ombe wanalikwepa.

Unauliza kumbukumbu ina faida gani? Waulize wazee waliopeleka kesi London mwaka wa 2009. Serikali ya Uingereza ilipinga kesi hiyo. Mwaka wa 2011 ikabainika kwamba kulikuwa na maelfu ya faili za ukoloni zilizofichwa Hanslope Park. Faili hizo, pamoja na ushahidi wa wazee wenyewe, zilibadilisha mambo. Juni 6, 2013, Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Wengi waliopitia mambo hayohayo walikuwa wameshafariki bila kuulizwa na mtu.

Pia kuna jambo tunaloliogopa mezani. Ndani ya seli alikuwa guka wa mtu, na juu ya mnara alikuwa guka wa mtu mwingine. Wakati mwingine walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wajukuu wao leo wanakaa dawati moja, wanaoana na kuchanga pesa pamoja kwenye chama. Ndiyo maana wazee wengi hunyamaza. Ukiuliza, usiulize kama polisi. Uliza kijiji kilikuwa wapi, lango lilikuwa upande gani, walichota maji wapi. Mengine yatakuja yenyewe, au yasije, na hiyo pia ni haki yao.

Wikendi ukiwa huna mpango, nenda Ruring'u, nje kidogo ya mji. Makumbusho ya Nyeri yamo katika jengo la 1924 lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni. Karibu hapo upo uwanja ambapo wapiganaji walisalimisha silaha zao uhuru ulipofika Desemba 1963. Kisha ukienda gichagi kwenu, washa kinasa sauti cha simu, kwa ruhusa ya mzee. Ile video ya kudensi itangoja. Shosho wa miaka 90 huenda asingoje.