Bibi wa Sinema Mtoni Ruiki

Wasomaji wetu wa Nyangwe huuona mto Lualaba kila siku. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mwaka 1951, chini ya mto huo huo, upande wa Ponthierville, ambayo leo huitwa Ubundu, walifika wachezaji wa sinema kutoka Marekani. Walipiga kambi Biondo, karibu na mto Ruiki umwagao maji yake katika Lualaba. Mmoja wao alikuwa Bibi Katharine Hepburn, aliyezaliwa Hartford mwaka 1907, ambaye tangu mwaka 1934 alikuwa na Oscar, zawadi kubwa ya wachezaji.

Sinema yenyewe yaitwa The African Queen. Humo yeye ni Rose, dada wa mmisionari Mwingereza katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Ndugu yake afa, naye ashuka mtoni katika mashua mbovu pamoja na mwanamaji mlevi, Humphrey Bogart, ili wazamishe manowari ya Wajerumani.

Mwanzo Bibi Hepburn alimcheza Rose kwa uso mzito mno. Ndipo John Huston, mwongozi wa kazi, alipomwambia amfikirie Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, jinsi alivyowatembelea askari waliojeruhiwa hospitalini huku akitabasamu. Bibi Hepburn akalishika neno hilo mpaka mwisho.

Wala halikuwa jambo jepesi. Huston na Bogart walikunywa whisky. Yeye, ili kuwaaibisha, alikunywa maji tu, akashikwa na ugonjwa wa kuhara. Katika picha ya kanisani yuko mbele ya kinanda akiimba, na kando, pasipoonekana, imewekwa ndoo apate kutapika. Mtazamaji haoni neno.

Hata hivyo, picha hiyo ya kanisani hatuipendi. Waafrika wamefanywa kuwa watu wasiojua wimbo wauimbao, na kila aliyesikia kwaya ya parokia zetu ajua kwamba sivyo. Tena watu wa Ruiki walioijenga kambi ile hawakutajwa majina.

Kwa Rose hakupata Oscar. Aliyepata ni Bogart, mwaka 1952. Bibi Hepburn alipata tatu nyingine baadaye, na mwaka 1987 akatoa kitabu kizima juu ya safari hiyo. Alifariki mwaka 2003, mwenye miaka 96.

Kama yuko msomaji ambaye babu yake alifanya kazi katika kambi ya Biondo, tutafurahi kupata barua yake.