Kijiti cha Mbele Hufuata Kosa

Je, wajua kwamba bunduki ya AKM iliyorekebishwa vizuri, ikilengwa sawasawa kwenye alama iliyo mita 100, hutakiwa kupiga sentimita 25 juu ya alama hiyo? Imepangwa hivyo makusudi. AKM ni toleo la mwaka 1959 la bunduki ya Mikhail Kalashnikov, ambayo jeshi la Kisovieti liliipokea mwaka 1949 na ambayo ukoo wake umefika hata kwenye bendera ya Msumbiji.

Risasi yake hutoka kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde, na bado huanza kuvutwa chini mara tu inapoachana na mtutu. Anayemwagilia bustani kwa mpira hajiulizi la kufanya mche ukiwa mbali: huinua mdomo wa mpira. Bunduki nayo huinuliwa, ila mpigaji haoni, kwa sababu vilengeo vimepangwa ili jicho litazame mstari mnyoofu huku mtutu ulio chini yake ukielekea juu kidogo. Kilengeo cha nyuma kikiwekwa kwenye namba 3, risasi hupanda juu ya mstari wa jicho, hufika kama sentimita 31 kwenye mita 150, kisha hushuka na kuukuta tena mstari huo kwenye mita 300. Zile sentimita 25 za mita 100 ni kituo tu njiani.

Kwa hiyo bunduki hupimwa mita 100, kwa risasi nne, moja moja. Kwa nini nne? Tundu moja halisemi lolote. Huenda mkono ulitetemeka. Matundu manne, au angalau matatu, yakiingia ndani ya duara la kipenyo cha sentimita 15, hapo ndipo unatafuta kitovu chao na kukilinganisha na mahali kilipotakiwa kuwa. Yakitawanyika ovyo, usiguse kilengeo. Kwanza chunguza mpigaji, kisha bunduki.

Sasa linakuja jambo linalowachanganya wengi. Kitovu kisipokuwa mahali pake, kwenye AKM marekebisho hufanywa kwenye kilengeo cha mbele, na kijiti chake hufuata kosa. Matundu yako chini? Kijiti kizungushwe kishuke. Yako kushoto? Kisukumwe kushoto. Inaonekana kama kuongeza ubaya, mpaka ukumbuke kwamba mpigaji lazima airudishe ncha ya kijiti katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, ilingane na kingo zake za juu. Kijiti kikiwa kifupi, hana budi kuinua mdomo wa mtutu. Kikiwa kushoto, atausogeza mtutu kulia. Kilengeo cha nyuma kingesogezwa kinyume chake, kuelekea unakotaka risasi iende.

Vipimo vyenyewe vinatisha kwa udogo. Kati ya vilengeo hivyo viwili kuna milimita 378 tu, hivyo kusukuma kijiti milimita moja upande huhamisha tundu sentimita 26 kwenye mita 100. Mzunguko mmoja kamili wa kijiti hulipandisha au kulishusha sentimita 20. Bunduki inayopiga sentimita 10 chini ya mahali panapotakiwa inahitaji nusu mzunguko, basi. Ndiyo maana siwaamini mashujaa wa sinema wanaookota bunduki ya adui mavumbini na kumdondosha mtu wa mbali kwa risasi ya kwanza.

Jicho nalo lina mpaka wake. Haliwezi kuona waziwazi pengo, kijiti na shabaha kwa wakati mmoja. Walimu wa shabaha husisitiza kijiti: hicho kionekane kikali, shabaha iachwe na ukungu wake, kwani kosa dogo la kijiti hukua kadiri umbali unavyoongezeka.

Kipimo hurudiwa bunduki inapogawiwa kikosini, baada ya matengenezo, au inapoanza kupiga pembeni bila sababu. Kazi ikiisha, alama ya zamani kwenye kitako cha kijiti hufutwa na mpya kuchorwa. Kijiti kikigongwa siku moja na kuhama, mistari ya alama hiyo haitakutana tena.