Kufundisha Safari ya Vumbi hadi Milimani

Mwalimu akiuliza darasani kwa nini theluji huyeyuka, wanafunzi aghalabu hujibu kwamba ni kwa sababu ya joto. Jibu hilo si kosa, lakini halijakamilika. Rangi ya theluji nayo ina kazi kubwa, na vumbi litokalo mbali laweza kuibadili rangi hiyo.

Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 6 Februari, 2021, theluji ya milima ya Alps, huko Uswisi na Ufaransa, iligeuka kuwa ya rangi ya machungwa. Vumbi lililoipaka lilitoka jangwa la Sahara, umbali wa zaidi ya kilometa 1,000. Upepo mkali wa jangwani huinua udongo mkavu. Chembe nzito huanguka karibu; zile ndogo sana, zisizofikia sehemu ya mia moja ya milimita, hupaa juu na kuvuka Bahari ya Mediterania. Hatimaye hutua zenyewe, au huteremshwa na mvua na theluji.

Theluji mpya iliyo safi hurudisha angani kiasi cha sehemu 80 hadi 90 katika kila sehemu 100 za mwanga wa jua. Ikipakwa vumbi, hufyonza mwanga mwingi zaidi, ikayeyuka mapema. Hapo maji yaliyotazamiwa kulisha mito wakati wa kiangazi hushuka kabla ya wakati wake.

Je, wanafunzi ambao hawajapata kuiona theluji wafundishweje? Mwalimu asianze kwa maelezo. Achukue mikebe miwili iliyo sawa. Mmoja aupake chokaa, wa pili masizi ya chungu. Atie maji ya kiasi kimoja, aifunike, kisha aiweke juani kwa muda wa saa moja. Kila kundi lipime joto kwa kipimajoto. Kisipopatikana, kwa kidole. Maji ya mkebe mweusi yatakuwa yamepata moto zaidi. Ndipo mwalimu aulize: "Mkebe mweupe ukipakwa vumbi jekundu, itakuwaje?" Wanafunzi wabashiri, kisha wajaribu.

Hapana budi kila kitu kiwe sawa isipokuwa rangi. Mikebe ikitofautiana kwa ukubwa, jaribio halithibitishi lolote, na wanafunzi watasadiki kwa kuwa tu mwalimu amesema. Kusadiki kwa namna hiyo siko kujifunza sayansi.