Kivinjari cha Bure, Nani Anakilipia?

Anayenunua Tecno, Infinix au itel mpya kwa kawaida hukuta vivinjari viwili vimeshawekwa ndani: Chrome ya Google, na Phoenix ya Transsion, kampuni ya China inayotengeneza simu hizo. Hakuulizwa. Atagusa kilicho karibu na kidole gumba, na humo ndimo atakamosomea habari, kutafuta kazi, kujaza fomu za chuo na kuingia benki kwa muda wote simu itakaodumu.

Ubishi wa kipi bora huanzia kwenye kasi, na kasi siku hizi si hoja nzito. Kila kivinjari kina injini, yaani sehemu inayosoma msimbo wa tovuti na kuuchora uwe ukurasa. Majina ni mengi, lakini injini zinazotumika kwa wingi ni tatu tu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet zote zinaendeshwa na Blink. Hata Microsoft, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishika karibu soko zima kwa Internet Explorer, iliachana na injini yake na Januari 2020 ikatoa Edge mpya juu ya Blink. Kuzishindanisha Edge na Chrome kwa mbio, basi, ni kushindanisha daladala mbili za injini moja zilizopakwa rangi tofauti. Kwenye iPhone uchaguzi ni finyu zaidi. Apple ililazimisha kila kivinjari kitumie WebKit, kwa hiyo Chrome ya iPhone kwa ndani ni Safari, kivinjari cha Apple yenyewe. Mlango ulianza kufunguliwa Machi 2024 katika nchi za Umoja wa Ulaya, tena kwa shinikizo la sheria.

Swali lenye uzito ni jingine. Kivinjari hakiuzwi, nani basi anawalipa wahandisi?

Jibu lilitoka hadharani katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Nyaraka za mahakama zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji inayotangulia ndani ya Safari. Mozilla, inayotengeneza Firefox, nayo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa mkataba wa aina hiyohiyo, na Google hiyohiyo. Chrome haina haja ya kulipwa na mtu, kwa kuwa mwenye kivinjari ndiye mwenye biashara ya matangazo. Ukishalijua hilo, tabia nyingi za vivinjari hivi huacha kuwa fumbo.

Chukua vidakuzi vya watu wa tatu, vile vijifaili vinavyomwezesha muuza matangazo kumfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti. Safari ilivizuia vyote Machi 2020. Firefox, kuanzia Juni 2022, ilivitenga kwa kila mtumiaji wa kompyuta, hivyo kidakuzi cha tovuti moja hakisomeki kwenye nyingine. Google iliahidi Januari 2020 kwamba Chrome ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikatangaza kwamba imeachana na mpango huo. Wahandisi wake si wazembe. Ni kwamba wanaombwa kukata tawi ambalo kampuni imelikalia.

Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, navyo vina kisa chao. uBlock Origin, kizuia matangazo kilichopendwa mno, kilikuwa kinakagua kila ombi linalotoka kwenye kivinjari kabla halijaenda: hili lipite, hili liishie hapa. Katika kanuni mpya za Chrome ziitwazo Manifest V3, kiendelezi hakikagui tena. Kinakabidhi orodha ya masharti, na kivinjari chenyewe ndicho kinachoamua. Google inasema hatua hiyo inaongeza usalama, na kuna ukweli, maana kiendelezi kiovu chenye uwezo wa kuona kila ombi ni hatari kubwa. Lakini kufikia 2025 uBlock Origin kamili ilikuwa imezimwa kwenye Chrome, ikabaki ndugu yake mdogo mwenye uwezo pungufu. Kwenye Firefox bado inafanya kazi, hata kwenye simu ya Android.

Haya yasimfanye msomaji aikimbie Chrome. Kwa ulinzi dhidi ya tovuti hatari ni miongoni mwa vivinjari vilivyojengwa kwa uangalifu mkubwa. Tangu 2018, kwenye kompyuta, kila tovuti huendeshwa katika chumba chake, ili ukurasa wenye nia mbaya usichungulie nenosiri lililo kwenye kichupo cha jirani. Gharama yake ni kumbukumbu: Google yenyewe ilikadiria ongezeko la asilimia 10 hadi 13. Ulinzi huo ulipoletwa kwenye Android mwaka 2019, uliwekewa sharti kwamba simu iwe na angalau GB 2 za RAM, na ukahusu zile tovuti tu ambazo mtu huingia kwa nenosiri. Mwenye simu ya GB 1 alikosa, na hakuna aliyemwambia.

Udhaifu wa Firefox ni uchache wa watu wake. Watengenezaji wa tovuti hujaribu kazi yao kwenye Chrome na kuishia hapo, kwa hiyo mara mojamoja fomu hugoma kutuma au video hukataa kucheza, na lawama humwangukia asiyehusika. Brave, iliyoanzishwa na Brendan Eich, mtu aliyeibuni JavaScript mwaka 1995, huzuia matangazo bila kuhitaji kiendelezi, kisha humwalika mtumiaji atazame matangazo ya Brave yenyewe kwa malipo ya sarafu ya kidijitali. Kuna wanaoufurahia mpango huo.

Kwa mwenye bando dogo, kivinjari kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni Opera Mini. Kilitoka Norway, kikaenea duniani kuanzia 2006, na kwenye Nokia za vitufe ndicho kilichowaingiza wengi mtandaoni. Ujanja wake ni huu: simu haiendi kwenye tovuti. Hutuma ombi kwenye seva ya Opera. Seva huufungua ukurasa, hupunguza picha, hufunga kila kitu katika kifurushi kidogo na kukituma. Kampuni hudai kwamba data hupungua kwa hadi asilimia 90, na kwa ukurasa wa gazeti uliojaa picha hilo linaaminika.

Tatizo huja kwenye ukurasa wenye mambo mengi. Msimbo wake huendeshwa kule kwenye seva kwa sekunde chache, kisha ukurasa hugandishwa. Fomu ambayo ukichagua mkoa inatakiwa ilete orodha ya wilaya huenda isilete kitu. Zito zaidi, katika hali ya kubana kabisa usiri kati ya simu na benki hukatikia njiani, maana seva ya katikati lazima iusome ukurasa ili iubane. Opera ililieleza hilo wazi kwa watumiaji wake. Si wote waliokuwa wakweli hivyo: mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waligundua kwamba UC Browser, kivinjari kingine cha kubana data, ilikuwa ikituma maneno ya utafutaji bila kuyaficha.

Ndiyo maana kuweka viwili kwenye simu si ufujaji wa nafasi: Opera Mini kwa magazeti na matokeo ya mpira, Chrome au Firefox kwa benki, barua pepe na fomu za serikali. Kwa mwenye simu ya zamani, umri wa mfumo ndio unaoamua. Mwaka 2025 Chrome iliacha kuzihudumia simu za Android 8 na 9, zikabaki na toleo la 138 bila marekebisho mapya ya usalama, ilhali Firefox ilimaliza mwaka huo ikiendelea kuzipa masasisho.