Injini Iliyochoka: Tupime Kabla ya Kuamua

Kipo kisa kimoja cha mjini Unguja ambacho tumeona yafaa tukieleze katika safu hii. Kisa chenyewe ni cha gari la michezo, lakini ndani yake mna somo kwa kila mwenye chombo cha moto, awe mwananchi anayetumia mali yake au mtumishi wa Serikali aliyekabidhiwa mali ya umma.

Mzee mmoja alifariki dunia akawaachia wanawe gari aina ya Datsun 240Z. Alilitunza gari hilo kwa miaka mingi, na majirani waliujua mngurumo wake kabla hawajamwona mwenyewe. Warithi walipoliwasha baada ya msiba, lilitoa moshi wa buluu, likakosa nguvu, na oili ikawa inapungua kila wiki. Mtoto mkubwa akashauri injini itengenezwe. Wa pili akasema injini hiyo imekwisha kazi, itupwe na inunuliwe nyingine. Wa tatu, ambaye damu ingali inamchemka, aliona huu ndio wasaa wa kutia injini kubwa zaidi, gari lipate nguvu maradufu. Fedha walizokuwa nazo zilikuwa za urithi, na hazikutosha kukosea mara mbili. Ndugu wa tumbo moja wakaanza kununiana kwa ajili ya chuma.

Yupi kati yao alikuwa na haki? Jawabu letu ni kwamba siku ile hapana aliyekuwa na haki, kwa kuwa hapana aliyekuwa amepima.

GARI LENYEWE

Datsun 240Z lilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 1969, na kiwanda kiliendelea kuliunda hadi mwaka 1973. Injini yake, iitwayo L24, ina silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Mwili wa injini hiyo, yaani bloku, ni wa chuma cha kusubu. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Na kemshafti yake iko juu ya valvu, ikizungushwa kwa mnyororo. Inavuta petroli kwa kabureta mbili.

Hapa Afrika Mashariki sifa ya gari hilo ilitokana na mashindano ya Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa naye katika Datsun ya namna nyingine, hata ikabidi mshindi apatikane kwa kanuni ya kuvunja sare. Vijana wanaopenda mwendo wayazingatie hayo. Safari ilikuwa safari ya matope, vumbi na mashimo, na magari mengi yaliyoanza hayakufika. Taji lilikwenda kwa gari lililofika.

KUPIMA

Moshi ni dalili, si hukumu. Moshi mweusi huonyesha kwamba petroli inaingia kupita kiasi. Moshi mweupe mzito, usiokoma hata injini ikisha kupata moto, huonyesha kwamba maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, lakini oili ina milango miwili ya kuingilia. Huenda ringi za pistoni zimelika, na huenda sili za valvu zimekauka na kuwa ngumu. Gari likitoa moshi dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, sili ndizo za kushukiwa kwanza. Likitoa moshi wakati wote linapovuta mzigo, shaka huelekea kwenye ringi. Gharama ya sili na gharama ya ringi ni mbingu na ardhi, kwa sababu ringi hazifikiwi mpaka injini ifumuliwe.

Kwa bahati warithi wale walimpata fundi mtu mzima, asiye na papara. Aliwaambia, "Wanangu, mimi sikati shauri kwa masikio. Nipeni siku moja nipime." Aliipasha moto injini, akatoa plagi zote sita, akakata umeme wa koili, akamwambia kijana wake akanyage mafuta mpaka chini na kuizungusha injini kwa stata, huku yeye akisoma saa ya kupimia mgandamizo katika kila silinda. Silinda tano zilikaribiana. Ya sita ilikuwa chini mno.

Hakuishia hapo. Alitia kijiko cha oili ndani ya silinda ile dhaifu, akapima tena. Kama ringi ndizo zilizolika, oili huziba nafasi kwa muda na kipimo hupanda. Kipimo hakikupanda. Ndipo akaingiza upepo wa pampu katika tundu la plagi huku valvu zote mbili za silinda ile zimefunga, akasikiliza. Upepo ukitokea kwenye kabureta, valvu ya kuingizia ndiyo mbovu. Ukitokea kwenye mdomo wa kutilia oili, ni ringi. Ukitoa mapovu ndani ya rejeta, gasketi imeungua au hedi ina ufa. Upepo wa silinda ile ulisikika ukivuma katika bomba la moshi. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua.

Tena alipima nguvu ya oili injini ikiwa moto, akaiona ni nzuri, na hapakuwa na mgongano wowote kutoka chini kwenye krankshafti. Kwa hiyo bloku lilikuwa zima. Ugonjwa wote ulikuwa juu, kwenye hedi: valvu moja imeungua, na sili zimekauka kwa uzee. Injini iliyokwisha kuhukumiwa kutupwa ilikuwa inadai dawa ya sehemu moja tu.

NJIA TATU

Sasa tuzitazame njia zile tatu, kila moja kwa haki yake.

Kutengeneza ndiyo njia ya kwanza ya kufikiriwa, maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata silinda zikiwa zimelika, bloku la L24 laweza kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita au milimita 1, na krankshafti yaweza kusagwa na kupewa beringi za kipimo chake. Lakini kuchonga kuna mwisho, kwa sababu kila mara ukuta wa silinda huwa mwembamba. Pia hedi ya aluminiamu iliyopata joto kupita kiasi hupinda. Ikipigwa randa ovyo, mnyororo wa kemshafti hulegea na majira ya valvu huharibika. Hiyo ni kazi ya karakana yenye vipimo, wala si ya tupa na kubahatisha.

Kubadili kuna hoja pale bloku linapokuwa na ufa, au gharama ya kutengeneza inapopita bei ya injini nzima. Kwa 240Z ipo injini ya ukoo uleule, L28, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,753, iliyotumika katika magari ya 280Z yaliyofuata. Huingia mahali pa ile ya kwanza bila kukata chuma. Lakini kipya kinyemi kingawa kidonda. Injini iliyokwisha tumika, ambayo mnunuzi hakuiona ikizunguka, ni ugonjwa wa mtu mwingine unaonunuliwa kwa fedha taslimu. Nayo ipimwe vilevile kabla ya fedha kutoka mkononi. Isitoshe, nambari ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, na wanaosajili magari hawana budi kuarifiwa. Vilevile watu wanaokusanya magari ya zamani huthamini sana injini iliyotoka na gari lake kiwandani. Mwaka 2020 huko Marekani, 240Z moja iliyotunzwa katika hali yake ya asili iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Gari hilo lilikuwa la pekee, na si kila Datsun iliyo uani itapata bei hiyo. Hata hivyo anayetupa injini ya asili ajue kwamba anatupa pamoja nayo sehemu ya thamani ya gari.

Njia ya tatu, ya kuongeza nguvu, ndiyo tamu kwa kusikia. Kabureta tatu badala ya mbili, kemshafti kali zaidi, tabo, au injini ngeni kabisa: yote yawezekana, na wako mafundi duniani waliobobea katika kazi hizo. Lakini nguvu haiingii garini peke yake. Huja na joto, na joto hudai rejeta kubwa zaidi. Huja na msukumo, na msukumo hudai klachi, giaboksi na difu za kuuhimili. Huja na mwendo, na mwendo hudai breki. 240Z lilitoka kiwandani na breki za disiki mbele na za ngoma nyuma, zilizopimwa kwa nguvu ya injini ya siku ile. Mgandamizo nao ukiongezwa, petroli ya kawaida huanza kulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Anayehesabu bei ya injini tu amehesabu nusu ya deni. Tena tuulizane kwa upole: kisiwa cha Unguja, chenye urefu wa kilomita 85 hivi, kina barabara gani ya kukimbilia huo mwendo maradufu?

CHUMVI

Liko jambo moja ambalo vitabu vya mafundi wa bara hulipita upesi, lakini sisi wa visiwani hatuwezi kulipita. Hewa yetu ina chumvi, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Mwenye gari anapojaza rejeta kwa maji ya kisima, bila dawa ya kuzuia kutu, hula aluminiamu ya hedi kutoka ndani kidogo kidogo, mpaka siku maji yatakapopenya kwenye silinda. Wengi wanaolaumu injini wangepaswa kulaumu ndoo.

Na bati vilevile. 240Z lina sifa mbaya ya kutu, hasa sakafuni, katika mihimili ya chini, na mahali betri inapokaa. Fundi wetu alipolala chini ya gari alichoma sakafu kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Hapo ndipo mabishano ya ndugu yalipokatika. Kama wangalisikiliza shauri la mdogo wao, wangalifunga injini ya nguvu maradufu juu ya mihimili iliyooza, na mtu angalikufa. Kijana mwenyewe alipooneshwa tundu lile alinyamaza, kisha akawa wa kwanza kusema sakafu ichomelewe kabla ya kitu kingine chochote.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Sakafu na mihimili ilikatwa ikatiwa bati jipya. Hedi ilifunguliwa ikapewa valvu na sili mpya pamoja na gasketi, na bloku halikuguswa. Fundi aliwaandikia makisio kwa karatasi, nao wakaweka akiba kwa ajili ya yale yasiyoonekana mpaka injini ifunguliwe. Akiba hiyo ilitumika, kwani bomba moja la maji lilikutwa limelika. Leo gari lile linatembea, na moshi wa buluu haupo.

WITO WETU

Gari la michezo ni anasa, na huenda msomaji akauliza lina faida gani kwa mvuvi wa Kojani au wa Mafia. Faida ni hii: mashine yake ya boti huugua maradhi yaleyale na hupimwa kwa njia zilezile, isipokuwa yeye ikimzimikia hawezi kushuka akasukuma.

Kwa wakuu wa idara wanaoamua juu ya magari ya wagonjwa, majenereta na vyombo vya baharini, tunatoa ombi la heshima. Injini yoyote ya umma isihukumiwe kufa, wala isiagiziwe nyingine, kabla ya karatasi ya vipimo kuwekwa mezani: mgandamizo wa kila silinda, nguvu ya oili, hali ya mwili wa chombo, na makisio ya njia zote tatu yakiwa kando kwa kando. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na vijana wetu wanaojifunza ufundi wafundishwe kusoma vipimo kabla ya kushika spana, na karakana za visiwani zipatiwe vyombo vya kupimia, ili hedi isilazimike kuvuka bahari kwa sababu ya randa moja.

Kutengeneza, kubadili na kuongeza nguvu ni mashauri mema yote matatu, kila moja mahali pake. Mahali pake hapajulikani kwa kupiga kelele wala kwa ukubwa wa mfuko. Pataonekana injini ikisha kupimwa.