Mvua Itajwe kwa Milimita

Ndugu mkulima, redio ikisema, "Kesho mvua kubwa," utafanya nini? Mmoja hukimbilia kupanda, na mbegu zake zikafa kwa kukosa maji. Mwingine hutia mbolea ya kukuzia, ikachukuliwa na mafuriko. Neno "kubwa" halina kipimo, na hasara ni ya mwenye shamba.

Idara ya Hali ya Hewa hupima mvua kwa milimita. Ukizoea inchi, kumbuka kwamba inchi 1 ni karibu milimita 25. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati la nyumba likifunika mita 10 kwa mita 5, mvua ya milimita 20 ni lita 1,000, yaani mapipa 5 ya lita 200, kasoro yanayomwagika.

Kwa hiyo yafaa kila mtangazaji asome milimita hizo, asiziache. Asipozitaja, pelekeni ombi kwake kupitia chama chenu cha ushirika.

Nawe fanya sehemu yako. Weka mkebe ulionyooka kutoka chini hadi juu mahali wazi, mbali na nyumba na miti. Kila siku saa tatu asubuhi pima maji kwa rula, andika daftarini, kisha uyamwage. Hivyo redio ikitaja milimita 20, utajua maana yake shambani mwako.