Kando ya Kitanda cha Mgonjwa Mahututi

Kwa miaka mingi nimewahudumia wagonjwa mahututi na kuwahimiza ndugu zao wakae karibu nao. Hata hivyo, usiku ule baba yangu mzazi alipolazwa kwa homa kali ya mapafu na kuunganishwa na mashine ya kusaidia kupumua, nilisimama mbali na kitanda chake, mikono nyuma, macho kwenye skrini. Nilisoma kiwango cha oksijeni, shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Baba mwenyewe sikumtazama. Muuguzi wa zamu akanisogezea kiti, akasema kwa upole, "Daktari, namba hizo niachie mimi. Wewe mshike mkono."

Makala haya nimewaandikia ndugu wanaosogezewa kiti hicho, pamoja na watumishi wa afya wanaopaswa kukisogeza.

Huduma hii tangu mwanzo ilitegemea mtu wa kukaa kando ya mgonjwa. Mwaka 1952, polio ilipolipuka Copenhagen, Denmark, wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu usiku na mchana wakiwasukumia wagonjwa hewa kwa mikono. Mwaka uliofuata, Daktari Bjørn Ibsen alianzisha katika jiji hilo kitengo cha wagonjwa mahututi kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza duniani. Leo mashine husukuma hewa, lakini haiwezi kumwambia mgonjwa kwamba mwanawe yuko hapa.

Ufanye nini basi ukiingia? Kwanza, nawa mikono kwa maji na sabuni au tumia kitakasa mikono, unapoingia na unapotoka. Ukiwa na mafua au kikohozi, mwachie mwingine zamu yako. Muulize muuguzi ni wapi unaweza kumgusa mgonjwa bila kuvuta mirija. Kisha sema naye, hata akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, kwa maana huenda anasikia. Mtajie jina lako, siku, na habari za nyumbani. Usizungumzie gharama wala mazishi kitandani pake.

Baba alipotolewa mrija wa kupumulia, aliniita kwa jina la marehemu kaka yake, akataka kuchomoa dripu. Mama alilia, akidhani akili imekwenda moja kwa moja. Huo ulikuwa mkanganyiko wa ghafla wa akili, jambo la kawaida kwa wagonjwa mahututi. Husababishwa na ugonjwa wenyewe, baadhi ya dawa, kukosa usingizi na kutotambua mchana na usiku. Kwa wengi hupungua kadiri afya inavyorejea. Usimbishie mgonjwa wala usimcheke. Mkumbushe kwa utulivu alipo, mvalishe miwani yake au kifaa chake cha kusikia, na umwarifu muuguzi mapema.

Familia pia huteseka kwa maneno. Daktari anaposema "hali ni ileile," mmoja husikia nafuu, mwingine husikia msiba. Chagueni msemaji mmoja wa kupokea taarifa na kuzifikisha kwa wengine. Nasi watumishi tuketi tunapozungumza, tutumie maneno mepesi, kisha tumwombe ndugu atueleze alivyoelewa. Pasipo na matumaini makubwa, tuseme hivyo kwa huruma, tusijifiche nyuma ya majina ya vipimo.

Siku ya sita tuliulizwa: endapo figo zingeshindwa kabisa, je, baba angependa kusafishwa damu kwa mashine? Tulibishana ukumbini, mimi nikiwa mkali kuliko wote, kwa kuwa nilijiona mjuzi. Mama alikuwa kimya, wala hakuna aliyemuuliza. Mwishowe akasema, "Mbona aliniambia, wakati akimuuguza kaka yake? Alisema akubali mashine kwa muda, ikiwa kuna tumaini la kurudi nyumbani. Pasipo na tumaini, aachwe apumzike." Figo zilipona, hatukulazimika kuamua. Lakini nilitambua kwamba tulikuwa tukijibu tunachotaka sisi, ilhali tuliulizwa angetaka nini yeye.

Kutoka hospitalini si mwisho wa ugonjwa. Wengi hubaki na udhaifu wa misuli, usahaulifu, jinamizi au hofu kwa miezi kadhaa. Ndugu waliouguza nao hupata wasiwasi, sonona na kukosa usingizi. Mambo haya yanatibika, yasionewe haya. Pokezaneni zamu, kuleni, laleni.

Miezi minne baadaye, baba alinieleza kwa aibu kwamba alipokuwa amelazwa aliamini amefungwa ndani ya dau, na wauguzi walikuwa wakimmiminia mchanga kifuani. Mkono wangu hakuukumbuka kabisa. Dada yangu akaleta daftari alilokuwa akiandika kila siku: nani alikuja, dawa gani ilibadilishwa, mvua ilinyesha lini. Baba alilisoma taratibu, akafika siku aliyofanyiwa mazoezi ya kifua ili kuondoa makohozi. "Kumbe ndio ule mchanga," akasema.

Daftari lile lingali chumbani kwake. Nanyi mkipata mgonjwa mahututi, nunueni moja siku ya kwanza.